Jino Linalouma Mlimani Tu

Wanangu mnaosomea udaktari, na ninyi mliokwisha vaa koti jeupe mkachagua kila mmoja kiungo chake, mliponialika pale ukumbini Morogoro mjini mliniuliza swali. Je, daktari wa macho, wa meno, wa mifupa na wa ngozi, kuna haja wote wawe na ujuzi fulani wa pamoja, au kila mmoja achimbe shimo lake mpaka afike chini? Nilijibu vibaya. Niliinuka, nikasema umoja ni nguvu, nikakaa. Mkanipigia yale makofi wanayopigiwa wazee ili wasiendelee.

Ukweli ni kwamba siku ile akili yangu haikuwa ukumbini. Nilikuwa nimetoka kupanda ngazi zenu, na jino la chini, upande wa kushoto, lilikuwa linaniuma. Mimi niliyeng'oa meno ya watu wa mkoa huu maisha yangu yote ya kazi nilijua kwamba lile halikuwa jino. Ulikuwa moyo. Na nilikuwa sijamwambia mtu yeyote.

Aliyejibu vizuri siku ile ni yule binti wa mifupa, Dokta Happiness. Alisimama akaniamkia, kisha akasema, "Mama, naomba nitofautiane na wewe kidogo. Mgonjwa akija na nyonga mbovu, mimi namtengenezea nyonga. Moyo una wenyewe, macho yana wenyewe. Elimu imekuwa kubwa, kichwa ni kilekile. Tukitaka kujua yote, tutajua nusunusu." Ukumbi ukashangilia. Na mimi nilishangilia, maana binti alisema kweli. Lakini si kweli yote, na hiyo iliyobaki ndiyo ninayotaka kuwaeleza leo, kwa kuwa sasa nina muda. Nina muda mwingi mno.

Nyumbani kwangu ni juu ya Mkuyuni. Ukishuka kwenye gari unapita sokoni, unavuka kijito, halafu unaanza kupanda katikati ya migomba na mifenesi mpaka unaliona bati la kijani. Ni ardhi ya ukoo wa mama yangu. Kwetu Waluguru shamba linafuata upande wa mama, na mama yangu mwenyewe amelala pale nyuma ya jikoni, karibu na mdalasini alioupanda kwa mkono wake. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mpare, ndugu zake wakampeleka kwao kumzika. Watoto wako Mwanza na Dodoma. Wanapiga simu Jumapili, au Jumatatu kama Jumapili walichoka.

Nilipostaafu nilirudi kule na kuku na redio. Sitawadanganya, nilikuwa mpweke. Kuna siku neno langu la kwanza kulitamka lilikuwa jioni, tena la kumfukuza kuku jikoni. Lakini ulikuwa upweke wa kwangu, kwenye udongo wa mama yangu, na nilishauzoea kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana. Jino lilipoanza, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa kifo. Niliwaza kwamba siku nitakayolitaja kwa mtu, watanishusha mlimani. Mgonjwa wa moyo hapandi kilima kile. Na nikishuka, nitakwenda wapi? Kwa hiyo nikanyamaza.

Nilijuaje kwamba ni moyo, na mimi ni mtu wa meno? Hapo ndipo inabidi niwatajie Dokta Salehe.

Alikuwa mganga mkuu wetu nilipoanza kazi, mtu mwembamba, mpole wa sauti, mkali wa macho, anatembea na makobazi wodini na kutafuna tangawizi tangu asubuhi. Siku niliyoripoti kazini nilijitambulisha kwa maringo yote ya ujana. "Mimi ni daktari wa meno." Akaniangalia. "Vizuri sana. Ila nimesikia neno daktari limetangulia, meno yamefuata nyuma. Jumatano uje mapokezi."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake. Kila Jumatano mabingwa wote, tupende tusipende, tulikaa kwenye vyumba vya mapokezi pamoja na matabibu wa kawaida, tukimwona yeyote aliyekuja na chochote. Homa, kikohozi, mtoto aliyemeza punje ya mahindi. Mtu wa macho alikuwa anapima mimba. Mimi wa meno nilikuwa nafunga vidonda vya miguu. Na kwa kila mgonjwa, kabla hujagusa kiungo, ulipaswa kuuliza maswali matatu. Maumivu yanakuja ukifanya nini? Unatumia dawa gani nyingine, hata ile ya kuchemsha ya shangazi? Na nyumbani uko na nani? Dokta Salehe aliyaita mafiga. Ukilalamika anakujibu kwa mzaha tu kwamba jifya moja haliinjiki chungu, kisha anakutumia mgonjwa mwingine.

Tulilalamika, tena sana. Aliyeongoza malalamiko ni Dokta Festo, wa macho, kijana wa Moshi mwenye mikono ambayo sijaiona tena kwa mtu mwingine. Angeweza kutoa mtoto wa jicho huku mgonjwa anasimulia habari za harusi. "Dada," alikuwa akiniambia kwa hasira, "kuna wazee wako kwenye mabenchi yangu hawaoni, na mimi niko hapa napima minyoo." Na alikuwa na haki. Jumatano zile ziliwachelewesha watu wake kuona. Dokta Happiness, mwanangu, hilo nalikubali mbele ya wote. Ujuzi wa pamoja una gharama, na anayesema hauna hajawahi kukaa kwenye benchi la Festo.

Lakini lile swali la tatu lilitoka kwa Festo mwenyewe. Alimpasua jicho bibi mmoja kutoka Matombo. Jicho lake jingine lilikufa tangu utotoni, kwa hiyo hilo ndilo pekee alilokuwa nalo. Kazi ilikwenda vizuri, akalifunga vizuri, akamwambia, "Bibi, sasa nenda nyumbani, urudi kesho nikufungue." Jicho lilikuwa kamili. Dokta Salehe alipotoka kwenda msikitini adhuhuri alimkuta bibi ameketi kwenye benchi la nje, mikono mapajani, anamwitikia kila anayepita. Akamuuliza anamsubiri nani. Bibi akasema, "Namsubiri atakayepita anakwenda Matombo, anishike mkono." Hakuwa na mtu. Alikuwa amekuja peke yake kwa lile jicho moja, na sisi tukamfunga kitambaa na kumwambia aende.

Dokta Salehe hakumgombeza Festo. Alimrudisha bibi wodini, na Jumatano iliyofuata maswali mawili yakawa matatu. Festo tangu siku ile hakuwahi kuliruka la tatu. Aliuliza hata watoto wachanga, tukamcheka.

Sasa nije kwa Mzee Kobelo, maana yeye ndiye aliyenifundisha jino langu.

Alikuwa mkulima wa ndizi wa juu kule Kinole, mzee mkavu mwenye miguu ya mtu aliyezaliwa kwenye mteremko. Alikuja chumbani kwangu si siku ya mapokezi, siku ya kawaida tu ya meno, na mdomoni upande wa kushoto chini alikuwa na mapengo matatu mabichi. Meno yenyewe yalikuwa yameng'olewa huku na huku, kwa madaktari tofauti, na kila alipong'olewa maumivu yalibaki palepale. Amekuja nimng'oe la nne. Na kwa kweli la nne lilikuwa na tundu. Koleo lilikuwa mezani, maji ya moto yalikuwa tayari, foleni ilikuwa ndefu. Nilimuuliza lile la kwanza kwa kuogopa Dokta Salehe tu, kwa sababu alikuwa na tabia ya kutokea mlangoni bila sauti na makobazi yake.

"Linauma ukifanya nini, mzee?"

"Dokta, hili jino lina kiburi," akasema. "Nikila, limetulia. Nikinywa maji ya mtoni ya baridi, limetulia. Nikishuka na ndizi kwenda sokoni, kimya. Nikianza kupanda kurudi nyumbani, linaanza. Nikikaa kwenye jiwe, linaacha. Nikiinuka, na lenyewe linainuka."

Nilidhani mzee anazeeka vibaya. Nikaenda kumwambia Dokta Salehe ili tucheke wote. Hakucheka. Aliacha kutafuna tangawizi, akaniambia, "Jino halijui mlima. Linajua wali na barafu. Kinachojua mlima ni moyo." Kisha akanieleza kwamba moyo ukikosa damu ya kutosha, mara nyingine haulii kifuani. Unalia begani, unalia mkononi, na kwa watu wengine unalia tayani, na mtu anaapa ni jino. Wale walioyang'oa yale meno matatu hawakuwa wajinga. Waliuliza maswali ya meno, wakapata majibu ya meno. Huku chini mjini, tambarare, hakuna mtu anayefikiria kumuuliza mgonjwa wa meno kama amepanda mlima. Nani angewaza? Lakini nusu ya wagonjwa wetu wanaishi kwenye mteremko.

Tukampa Mzee Kobelo vidonge vya kuweka chini ya ulimi, na Dokta Salehe akamwambia kwamba kubeba ndizi basi, na kupanda basi. Mzee akauliza, "Sasa nikishuka, nikae wapi?" Alikuwa na binti aliyeolewa Dumila, anauza vitunguu na mahindi ya kuchoma pale njia panda. Tukaona jambo limekwisha. Akahamia Dumila.

Alirudi kliniki baada ya muda, kanawiri, kavaa shati jipya. "Jino limenyamaza, dokta," akasema. "Kule ni tambarare mpaka jicho linachoka. Litaumia nini?" Akacheka, na mimi nikacheka. Chumba changu kilikuwa na dirisha linaloutazama mlima. Nilipokuwa naosha mikono nilimwona amesimama pale, ameshika nondo za dirisha, anatafuta kwa macho mahali fulani juu kule. Alikaa hivyo mpaka nilipomaliza kuosha, nikapangusa, nikamwita mgonjwa mwingine. Nilikuwa kijana. Nilihesabu kwamba tumemponya.

Ngoja niwachekeshe kidogo, maana naona nimewanunisha. Kulikuwa na safari zetu za kwenda Kisaki kwa treni, mimi na Festo na sanduku la vifaa. Kule barabara ilikuwa ikifungika mvua zikianza, reli ndiyo ilikuwa mlango. Mimi nilibeba mashine ya meno ya kukanyaga kwa mguu, kama cherehani, na ninyi wa leo mkiiona mtauliza nani alikuwa anashona. Njiani, mchana kweupe, mama mmoja akashikwa uchungu behewani. Watu wakaita daktari. Tukaenda, wa macho na wa meno. Tukatazamana. Kisha Festo akavua saa, akapandisha mikono ya shati, akaanza kumwambia mama, polepole, sauti ileile aliyotumia kwa wazee wake wa mtoto wa jicho, "Usikodoe, usibane, pumua." Zile Jumatano za kupima mimba alizozilaani zilikuwa zimekaa mikononi mwake. Mimi nilimulika na ile taa yangu ya meno, kwa sababu ndiyo kazi niliyoizoea. Mtoto akatoka, akalia. Behewa zima likauliza, "Wa kiume au wa kike?" Festo alikuwa amemgeuzia kwenye mwanga, anafungua kope zake kwa kidole. "Macho safi kabisa," akatangaza. Ilibidi bibi mmoja amnyang'anye mtoto ndipo tujue ni wa kike.

Festo alishafariki. Dokta Salehe alimtangulia. Zile Jumatano zilikufa kabla yao, na kwa sababu nzuri tu. Mabingwa waliongezeka, mashine zilikuja, wagonjwa wakawa wengi, na mkubwa mpya aliona ni upotevu kumweka mtu wa macho apime minyoo. Vyumba vikapata vibao milangoni na korido ikawa ndefu. Nilifanya kazi miaka mingi ndani ya mlango wangu na nilizidi kuwa hodari wa meno, sikatai. Nilijifunza kwamba jino halivutwi, linasukumwa kwanza kwenda chini na kuyumbishwa mpaka likubali. Kwamba bomba la ganzi ulipashe kiganjani kwanza, dawa ya baridi ndiyo inayochoma. Kwamba shavu likitikiswa kidogo wakati sindano inaingia, mgonjwa anasahau sindano anashangaa shavu. Hayo yote ni ya shimo langu, na nayapenda mpaka leo.

Basi. Siku moja nilikuwa natoka sokoni Mkuyuni na magimbi kwenye kikapu, jino likanikamata kabla sijafika nusu ya kilima. Nikakaa kwenye jiwe. Binti wa jirani akapita na kuni. "Shikamoo bibi. Umechoka?"

"Marahaba. Sijachoka, naangalia migomba ya watu."

Akacheka akaenda. Nilimtazama anavyopanda mpaka akapotea, na niliogopa. Niliogopa kufa pale kwenye jiwe na magimbi yangu, na niliogopa vilevile kwamba itapita siku nzima kabla hajatokea mtu wa kuuliza niko wapi. Kesho yake nikapanda gari kwenda mjini.

Sasa, mtu mwenye akili angekwenda moja kwa moja kwa daktari wa moyo. Mimi nilikwenda kwenye chumba changu cha zamani cha meno. Nilijiambia kwamba nakwenda kutafuta jibu la swali lenu, nitaketi kwenye kiti nione vijana wanauliza nini. Huo ulikuwa uongo wa kujifariji. Nilikwenda pale kwa kuwa ndio mlango pekee niliowahi kuingia bila kubisha. Na sehemu yangu moja ilikuwa inaomba wasiulize, waling'oe tu, nirudi kwangu.

Hakunijua mtu. Daktari alikuwa kijana, Dokta Baraka, mpole, viatu vyeupe. Kiti ni kipya, kinapanda na kushuka chenyewe. Dirisha ni lilelile.

"Shikamoo bibi. Karibu ukae. Tatizo nini leo?"

"Marahaba mwanangu. Jino." Nikamwonyesha.

Akapiga picha, ikatokea kwenye kioo hapohapo, akanigeuzia nione. "Unaona hapa? Limeoza mpaka mzizini. Ndilo linalokusumbua hili. Tunalitoa leo leo." Na kweli lilikuwa limeoza. Nilikuwa nalijua siku nyingi, lilikufa zamani, halikuwa na maumivu yoyote. Akaniuliza kama nina presha, nina kisukari. Nikatikisa kichwa. Akachukua bomba la ganzi, akalishika kiganjani kidogo kulipasha, na moyo wangu huohuo mbovu ukafurahi kumwona anavyofanya.

Akasema nifungue mdomo. Nikafungua. Nilijua kilichomo kwenye ile dawa, ninyi wa meno mnakijua, kile kinachouharakisha moyo. Kwa moyo mzima si kitu. Nilijua naweza kuinua mkono na kusema. Nikisema, nimeshushwa. Kule juu kuku wangu walikuwa wanasubiri pumba, na mdalasini wa mama ulikuwa unatoa majani mekundu, na mimi nilikuwa nimelala kwenye kiti mdomo wazi, mwanamke mzima, nachezea uhai wangu kwa ukaidi. Niliona sindano inakuja. Sikuinua mkono.

Sindano ikasimama.

"Bibi, likiwa linauma, ni ukitafuna?" Nikatikisa kichwa. "Maji baridi?" Nikatikisa. Akakunja uso, bomba likiwa bado mkononi. Alirudi kuangalia picha yake, akanirudia mimi. "Sasa linauma saa ngapi?"

Ungeweza kudanganya, mtasema. Ningeweza. Lakini lile lilikuwa swali la Dokta Salehe, nimeliuliza maisha yangu yote, na sikuwahi kumsamehe mgonjwa aliyelidanganya.

"Nikipanda," nikasema.

"Ukipanda nini? Kitandani?"

"Kilima. Nikitoka sokoni kwenda nyumbani."

"Na ukipumzika?"

"Linaacha."

Akaliweka bomba kwenye sinia, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Akavua glovu. Akasema maneno ambayo tangu siku ile nayaona ndiyo jibu la swali lenu, na nisingeweza kuyatunga mwenyewe. "Bibi, mimi mambo ya moyo siyajui vizuri. Lakini hili jino silitoi leo."

Mnasikia? Hakujua moyo. Dokta Happiness, hakuna aliyekutaka wewe uujue moyo kama mwenye moyo. Alijua kiasi cha kutosha kuiona mipaka ya jino. Nilimuuliza baadaye nani alimfundisha, nikitumaini moyoni atataja jina ninalolijua. Akasema hakumbuki, walikuwa wote mwaka wa kwanza, wamechanganyika, kabla hawajagawanywa. Nani alisema, hakumbuki. Kilichosemwa kilibaki tu.

Halafu akavuta kile kigoda chenye magurudumu, akaketi karibu yangu, magoti yake karibu yaguse ya kwangu. "Sasa leo huwezi kurudi kupanda huko. Nyumbani uko na nani?"

Wanangu, nimeliuliza swali hilo kwa maelfu ya watu. Nilikuwa naliuliza huku nimeshageuka kuchukua koleo. Mgonjwa aliujibu mgongo wangu, na mara nyingi alijibu upesi, "Nipo na watu, dokta," nami nikaridhika. Sikujua kwamba jibu la swali lile linatoka mbali. Nilianza kwa mzaha. Nikasema niko na kuku. Baraka akatabasamu, lakini hakuinuka. Nikasema kuna jirani, kuna binti anapita na kuni. Hakuinuka. Nikasema watoto wanapiga simu. Alikuwa amekaa tu, mikono magotini, ananitazama usoni, na nje foleni ilikuwa inakohoa kumkumbusha. Ndipo nikasikia sauti yangu inasema, "Sina mtu." Sikuwahi kuyasema maneno hayo, hata kwa watoto wangu. Nikalia kwenye kiti cha meno bila kung'olewa jino.

Yaliyobaki mnayajua, ni kazi yenu. Wakanisukuma kwenye kiti cha magurudumu korido nzima, wakanibandika waya kifuani, wakanilaza. Binti yangu akaja kutoka Dodoma, akalia, akanilaumu, akatafuta chumba na sebule huku Kihonda karibu na barabara, akanilipia, akarudi kazini kwake. Kuku nimempa yule wa kuni. Wapangaji wenzangu ni vijana wa kiwandani, wametoka mikoa yote, wanaondoka kabla jua halijatoka na wanarudi wamechoka. Wananiamkia vizuri. Vidonge vyangu viko mezani.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Muwe na kitu cha pamoja. Kisiwe mzigo wa kuwafanya mjue nusunusu, kiwe kidogo kinachobebeka, maswali mawili matatu ambayo kila mlango wa korido unayauliza, wa ngozi, wa mifupa, wa masikio. Happiness, itengeneze nyonga, uitengeneze kuliko mtu yeyote, lakini uliza kwanza inarudi kupanda mlima gani. Na mkishauliza lile la nyumbani, msigeuke kuchukua kifaa. Vuteni kigoda, mkae, msubiri. Mtaokoa watu. Baadhi yao mtawashusha kutoka mahali walipopapenda kuliko uhai, na hilo nalo mtalibeba, kwa sababu hakuna bingwa wa hilo wa kumpa rufaa.

Mimi mnanikuta hapa mkija. Jino halijauma tena, Kihonda ni tambarare. Asubuhi nafungua dirisha, nashika nondo zake, nautafuta mteremko wa Mkuyuni kule nyuma ya mlima ambao hauonekani kutoka huku, na siku nyingine natamani jino liume.